Baiskeli ya zamani: kipi kibaki, kipi kibadilishwe

Mwaka juzi mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Tabora alifika kwangu akikokota Raleigh yake ya miaka ya 1960. Kwenye keria alikuwa amefunga kiroba cha spea mpya: krenki (mikono ya pedali), habu mbili (vitovu vya magurudumu), mnyororo, pedali, hata usukani. Baada ya salamu akaniambia, "Mwanangu, vua vyote vya zamani uweke hivi. Nataka nimwachie mjukuu wangu kitu kizima." Nikamjibu, "Sawa mzee wangu, ila nipe siku tatu nisikiguse hicho kiroba."

Siku ya tatu nilimkabidhi zaidi ya nusu ya spea zake, akazirudisha dukani. Tulichobadilisha ni mnyororo, gololi zote, koni mbili (vichuma ambavyo gololi huzungukia ndani ya habu), kotapini (pini za kubana krenki), tairi na tyubu, mipira ya breki na waya wa gia. Habu ya nyuma, ambayo yeye alishaitangaza kuwa imekufa, ilikuwa na njaa ya mafuta tu.

Naandika haya kwa sababu naona baiskeli nzuri zikivuliwa vyuma vizuri na kuvalishwa vibovu, na naona nyingine zikiendeshwa na kitu ambacho kilitakiwa kung'olewa zamani. Chanzo ni kimoja. Watu wanapima kwa macho: wakiona kutu wanasema kimekwisha, wakiona kromu inang'aa wanasema kizima. Kutu ya juu haina uhusiano na kulika. Usukani wenye madoa ya kahawia unaweza kumbeba mtu miaka mingi ijayo, na koni inayong'aa kama kioo inaweza kuwa na kishimo kidogo kama kichwa cha sindano ambacho kitaisaga habu nzima.

Mfano nitakaoushikilia ni Raleigh ya breki za fimbo yenye gia tatu za kampuni ya Sturmey-Archer, zilizo ndani ya habu ya nyuma, kwa sababu ndiyo ninayoifungua mara nyingi. Mengi ya humu yanafaa pia kwa Humber, BSA, Hero na Phoenix.

Hatua ya 1: Ifahamu baiskeli kabla ya kushika spana

Anza na habu ya nyuma. Futa ganda lake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, utaona jina Sturmey-Archer, herufi AW ambazo ni jina la aina hiyo ya habu, na tarakimu. Ukisoma 61 na 5, habu hiyo ilitengenezwa Mei 1961. Kumbuka tarehe hiyo ni ya habu. Gurudumu huenda lilihamishwa kutoka baiskeli nyingine. AW ilianza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1936 na iliendelea kwa miongo mingi, ndiyo maana sehemu zake nyingi za ndani bado zinapatikana na nyingi zinaingiliana.

Halafu tairi. Raleigh kubwa za breki za fimbo huvaa 28 × 1½, ambayo kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa ni milimita 635. Muuzaji akikuambia "28 ni 28 tu", usikubali: baiskeli za kisasa zinazoitwa 28 zina milimita 622, na tairi lake halitakaa. Raleigh ndogo zaidi za 26 × 1⅜ zina milimita 590, na tairi la baiskeli ya milimani linaloandikwa 26 lina 559. Soma namba ya milimita ubavuni mwa tairi, hiyo haidanganyi.

Jambo la tatu limeniumiza mwenyewe. Nyuzi za Raleigh, ambazo mafundi wengi tunaziita thredi, kwenye vikombe vya ekseli ya pedali (vinavyobeba gololi zake) na kwenye shingo ya foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), zilikatwa 26 kwa kila inchi. Baiskeli nyingine nyingi za Kiingereza zilikatwa 24. Kipenyo kinafanana kabisa kwa macho. Nilipokuwa nimeanza ufundi nilinunua kikombe kipya, nikakiingiza kwenye Raleigh ya mteja, kikaenda mizunguko miwili kikagoma. Nikadhani ni kutu. Nikaweka bomba refu kwenye spana nikasukuma. Kiliingia, kikatoka na vipande vya thredi za fremu kama nyuzi za mkonge. Fremu ile haikupona, na nililipa.

Kwa hiyo kabla ya kununua kikombe, nenda dukani na kile cha zamani mfukoni. Vilaze viwili ubavu kwa ubavu, thredi dhidi ya thredi, kisha viinue mbele ya mwanga. Meno yakishikana pande zote bila upenyo wa mwanga, ni ndugu. Ukiona mwanga unapita katikati, rudisha kabatini.

Hatua ya 2: Fungua, osha, ndipo uhukumu

Uchafu unaficha mambo ya aina mbili: ufa na uzima. Nimewahi kuona foku iliyoonekana nzuri mpaka tulipoondoa tope la miaka, ufa ukaonekana kwenye taji lake, pale miguu yake miwili inapoungana. Nimeona pia vikombe vilivyodhaniwa vimeliwa, kumbe ni grisi iliyogeuka gundi.

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua kila sehemu. Tumia vikopo vitano au sita: gurudumu la mbele, la nyuma, pedali na krenki, shingo, breki, na vidogovidogo. Osha kwa mafuta ya taa na brashi ngumu, mbali na moto, kausha kwa kitambaa.

Kuna thredi mbili zinazofunguka kinyume. Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande wa saa. Kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali, upande wa mnyororo, nacho ni hivyohivyo. Na kikombe hicho cha kulia usikitoe kama hakuna sababu: kisafishe kikiwa mahali pake, mulika tochi ndani, kikague. Kimekaa hapo miaka 60 kikiwa kimekaza vizuri kuliko mimi au wewe tutakavyokikaza.

Nati na boliti zenye kutu zinaweza kulala kwenye siki usiku mmoja, zikasuguliwa asubuhi, zikaoshwa na kupakwa mafuta. Lakini springi, koni na gololi zisiingie kwenye siki. Chuma kigumu kikilala kwenye asidi kinaweza kuwa kikavu, kikakatika ghafla.

Hatua ya 3: Kila kipande kiulize maswali matatu

La kwanza: hiki kikikatika njiani, mtu ataumia? Foku, usukani, shina la usukani, breki, krenki, ekseli. Hapa shaka ndogo inatosha kukiondoa, hata kama ni cha asili na kizuri namna gani.

La pili: kulika kwake kunaambukiza? Mnyororo uliolika hula meno. Gololi iliyopasuka hula koni na kikombe. Kwa vitu vya namna hii unabadilisha cha bei ndogo mapema ili cha bei kubwa kiishi.

La tatu: cha kuchukua nafasi yake kipo, na kinaingia sawasawa? Kuna vipande ambavyo mbadala wake sokoni ni laini kuliko cha zamani kilicholika nusu. Kipande cha zamani kilichobakiza maisha, kisicho cha hatari na kisichoambukiza, kinabaki.

Hatua ya 4: Fremu, foku na usukani

Chukua uzi mrefu. Ufunge pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kushoto, upeleke mbele, uzungushe shingo ya fremu, urudi nao mpaka pale ekseli inapokaa upande wa kulia. Ukaze. Sasa pima kwa rula umbali kutoka bomba la siti mpaka uzi, kushoto na kulia. Ukilingana, fremu imenyooka. Ikizidi upande mmoja kwa milimita mbili au tatu, fremu ya chuma inaweza kunyooshwa na mtu anayejua. Ikizidi sana, tafuta sababu kabla ya kutafuta suluhisho.

Baada ya hapo fumba macho upitishe kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka shingoni kwenda kwenye pedali, sentimita chache nyuma ya shingo. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele huacha mkunjo pale, mara nyingi chini ya rangi, na kidole kinauhisi kabla jicho halijauona. Ukiukuta, foku nayo itakuwa imerudi nyuma. Itazame kwa ubavu: miguu yake inatakiwa kushuka sambamba na bomba la shingo kisha ijikunje mbele taratibu. Foku iliyopinda na kunyooshwa mara moja hunyooshwa tena kwa hatari kubwa. Mimi naibadilisha.

Fremu hizi ziliunganishwa kwa shaba kwenye viungo. Kiungo kikiachia, kinarudishwa kwa shaba vilevile. Kukichomelea kwa umeme kama geti ni kuliunguza bomba jembamba, na litapasuka pembeni mwa weldi baada ya muda.

Shina la usukani litoe lote ulitazame mwisho wake wa chini wenye mpasuo. Ufa ukianzia pale ukapanda juu, halirudi. Kutu ya juu ya kromu isikutie wasiwasi: kunja karatasi ya foili, ichovye maji, sugua. Kama chini yake chuma kina mashimo unayoweza kuingizia ncha ya kucha, hasa pale usukani unapobanwa na shina, ondoa.

Hatua ya 5: Gololi, koni na vikombe

Hapa ndipo baiskeli nyingi huamuliwa vibaya, kwa hiyo chukua muda.

Gololi zote badilisha, bila kujadiliana. Ni rahisi kupata, na za zamani zimelika bila kulingana: moja ikiwa kubwa kidogo kuliko wenzake inabeba mzigo peke yake. Kwenye ekseli ya pedali ya Raleigh utakuta gololi 11 za robo inchi kila upande. Habu ya mbele kwa kawaida hutumia za inchi 3/16. Kama fundi aliyekutangulia aliweka idadi isiyo sahihi, kanuni ni kupanga mpaka duara lijae, kisha ubakize upenyo wa kama gololi moja. Zikijazwa mpaka zikabanana zinasagana zenyewe.

Koni na vikombe vipime kwa kalamu. Chukua kalamu ya wino ya kawaida, ishike wima kwa wepesi, ncha yake yenye kigololi iteleze polepole kwenye njia gololi zinapopita, duara nzima. Mkono wako unakuwa sikio. Mstari mwembamba unaong'aa, laini mwanzo mpaka mwisho, ni alama ya kazi njema, na koni hiyo inarudi. Ncha ikidunda hata mara moja, kuna kishimo. Sogeza kwenye jua ukitazame: kama ni doa la kutu lisilo na kina, lisugue kwa pamba ya chuma laini upime tena. Kama ncha bado inadunda, koni imekwisha.

Usijaribu kuisaga ili kishimo kiishe. Koni ina gamba gumu juu na moyo laini ndani. Kishimo maana yake gamba limetoboka. Ukisaga unaliondoa kote, na koni hiyo haitamaliza msimu mmoja wa mvua.

Koni mpya nayo ipime kabla hujatoa hela. Mimi natembea na tupa ndogo. Naigusisha kwenye ukingo wa koni, mahali gololi hazipiti. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu. Tupa ikiuma na kuacha unga, hiyo ni nati iliyoumbwa kama koni, na koni yako ya 1961 yenye doa dogo itaishinda.

Vikombe vyenye vishimo ni uamuzi mzito zaidi, kwa sababu ya zile thredi 26. Kikombe chenye kishimo kimoja au viwili vidogo, kwenye baiskeli itakayoendeshwa mjini na mtu mmoja, naweza kukirudisha na gololi mpya na grisi ya kutosha, nikamwambia mwenyewe aje baada ya miezi sita. Kwa baiskeli itakayobeba magunia ya mkaa sifanyi hivyo.

Hatua ya 6: Mnyororo na meno

Mnyororo hauvutiki kama mpira. Pini na vibomba vyake vya ndani vinalika, kila kiungo kinaongezeka kidogo, na jumla yake ndiyo tunaiona kama urefu. Uweke mezani, uvute unyooke, weka alama ya sifuri ya rula ya inchi katikati ya pini moja. Hesabu mpaka pini ya 24 inayofuata. Mnyororo mpya utasoma inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi, umeanza uzee; kwa baiskeli ya meno mazito kama hii bado una safari. Ukizidi kwa 1/8, utoe.

Meno yatazame kwa ubavu. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililoliwa limeegemea upande mmoja kama pezi la papa. Ukifunga mnyororo mpya juu ya meno ya papa utaruka mara tu mtu akisimama kwenye pedali, na mnyororo huo mpya utazeeka upesi.

Sproketi ndogo ya habu ya gia tatu, ile inayoshikwa na meno matatu ya ndani na pete ya waya, inaweza kugeuzwa ili upande usiolika ufanye kazi. Angalia tu kama ina mbonyeo kama sahani: ikigeuzwa, mstari wa mnyororo unahama milimita chache, na unatakiwa uhakikishe bado umenyooka na ile ya mbele. Gia kubwa ya mbele ya Raleigh, yenye korongo waliokatwa ndani yake, ni nzito na hulika polepole sana. Sijawahi kuwa na sababu ya kuitupa kama haijapinda.

Hatua ya 7: Kotapini na krenki

Kotapini ni pini yenye upande mmoja uliochongwa bapa, inayobana krenki kwenye ekseli. Ndiyo kitu kidogo kinacholaumiwa kuliko vyote, na lawama nyingi ni za nyundo.

Kuitoa: legeza nati mpaka uso wake ulingane na mwisho wa pini. Simamisha kipande cha bomba nene juu ya sakafu ya zege, mdomo wake ubebe krenki kuzunguka kichwa cha pini. Kisha pigo moja zito, lililonyooka. Bila lile bomba, nguvu ya nyundo inapitia kwenye ekseli, gololi zinagonga vikombe na kuacha vishimo, na utakuwa umeharibu vikombe ili kutoa pini. Ukiwa na jiliwa kubwa na soketi ya kupokea pini upande wa pili, tumia hiyo. Ni bora kuliko nyundo yoyote.

Pini iliyotoka itazame ule upande bapa. Ukiwa laini, inarudi. Ukiwa na ngazi, yaani kidaraja ambapo ekseli imeukata, ni ya kutupa. Mimi huweka mpya hata kwa shaka ndogo, ilimradi iwe ya kipimo: Raleigh hutumia milimita 9.5, na zipo baiskeli za 9 na 8.5. Pini nyembamba kwenye tundu pana itakaza leo na kulegea kesho. Upande bapa wa mpya mara nyingi unahitaji kuchongwa kidogo kwa tupa ili ukae sawa na ekseli. Paka rangi ya wino, ingiza, toa, tazama wapi imegusa, chonga hapo tu.

Kisha tundu la krenki. Ingiza pini mpya bila kukaza uitikise. Tundu likiwa limekuwa la yai, krenki imeendeshwa muda mrefu ikiwa imelegea, na hakuna pini itakayoiponya. Hiyo inabadilishwa, na ekseli ikaguliwe pale pini inapolala.

Pini mbili huingia kwa kupishana: krenki ya kulia ikielekea mbele na nati yake ikitazama juu, ile ya kushoto iliyo nyuma nati yake itazame chini. Ukikosea, krenki hazitakuwa kwenye mstari mmoja na mwendeshaji ataona kama anachechemea. Nati haivuti pini ndani. Pini inaingizwa kwa jiliwa au kwa nyundo juu ya bomba, nati inakuja baadaye kuishikilia tu.

Hatua ya 8: Habu ya gia tatu

Kabla hujasema imekufa, fanya mambo mawili. La kwanza, fungua kikofia kidogo cha mafuta kwenye ganda, tia mafuta ya taa kidogo, zungusha, laza gurudumu yatoke machafu. Rudia mpaka yatoke meupe. Kisha tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta mepesi ya injini, SAE 20 au 30. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi ndani. Nimefungua habu zilizoganda kama zimepakwa lami.

La pili, rekebisha waya. Weka gia ya pili. Tazama kwenye kitundu cha nati ndefu upande wa kulia: mwisho wa kile kijiti ambapo kimnyororo chake kinaanzia unatakiwa ulingane na mwisho wa ekseli. Kwenye AW kuna mahali patupu kati ya gia ya pili na ya tatu. Waya ukiwa vibaya, mguu unapita hewani ghafla, na mtu aliyesimama kwenye pedali anaanguka juu ya bomba la fremu. Watu wengi wameumia hivyo wakalaumu habu.

Ya mzee ilipona hapo. Nilipomwambia apande, alizunguka mwembe mara tatu, mara moja kwa kila gia, akarudi akiwa kimya. Gia ya pili ya AW ni moja kwa moja, ya kwanza inapunguza kwa robo, ya tatu inaongeza kwa theluthi, na kila moja ilikuwa inaingia kwa mlio wake uleule wa zamani.

Kama baada ya hayo bado inateleza, sikiliza ni gia ipi. Ikiteleza kwenye ya kwanza tu, tazama vikucha vilivyo kwenye kizimba cha gia ndogo na springi zake, ambazo ni nyembamba kama unywele na hubadilishwa kwa urahisi. Ikiteleza kwenye ya tatu tu, ule msalaba unaosogea ndani umeviringika kingo. Kingo kali zinarudi, kingo za mviringo hazirudi. Ganda lenyewe, lile lenye tarehe, karibu kila mara ni zima.

Hatua ya 9: Rimu, spoku na breki

Breki za fimbo hubana upande wa ndani wa rimu, kando ya spoku, kwa hiyo ubavu hauliki. Adui wa rimu hizi ni maji yanayokaa ndani, chini ya tairi. Toa utepe wa ndani, chukua ncha ya bisibisi, gonga kuzunguka kila tundu la spoku. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinabonyea au kumeguka magamba. Tundu moja likipasuka kama nyota, rimu hiyo haitabaki na mvutano wa spoku.

Raleigh za zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo hesabu matundu ya habu kabla ya kununua rimu. Spoku zipigwe kwa ukucha moja moja: inayotoa sauti ya kufa imelegea au imeoza kwenye nipo, ile nati ndogo inayoishika rimuni. Mbili tatu zikikatika upande mmoja ndani ya muda mfupi, wenzao wamechoka pia, suka upya gurudumu zima.

Mipira ya breki iliyokauka na kung'aa badilisha yote minne. Kwenye fimbo, kagua vile viungo vya skrubu, maana fimbo inayochomoka ni breki iliyokwenda. Na umwambie mwendeshaji ukweli: mpira juu ya kromu yenye maji unashika kwa shida, wakati wa mvua aanze kubana mapema.

Hatua ya 10: Vya kuachwa vilivyo

Rangi ya asili, nembo, madigadi yenye mabonyeo, kengele, kinga ya mnyororo. Hivi havimwangushi mtu. Safisha, paka nta nyembamba, viache. Rangi iliyokwaruzwa kwa kazi ya miaka 60 huwezi kuinunua tena ukishaifuta.

Siti ya ngozi ya Brooks inastahili subira. Ikiwa imelegea bila kupasuka, kaza nati yake ya mbele robo mzunguko, uendeshe wiki moja kabla ya kugusa tena. Usiiloweke kwenye mafuta, italegea kabisa. Ikiwa imechanika kuanzia kwenye ribiti, ngozi inabadilishwa lakini vyuma na springi vinabaki.

Hatua ya 11: Funga, jaribu, rudia

Kila gurudumu lizunguke lenyewe mpaka pale vali ishuke chini kwa uzito wake. Litikise kushoto na kulia: mtikisiko mdogo mno kwenye rimu unakubalika kabla ya kukaza nati za nje, maana zikikazwa huumaliza. Endesha kilomita 20, ukiwa na spana. Kotapini mpya lazima zigongwe na kukazwa tena baada ya safari hiyo, na mara nyingine baada ya wiki. Hapa ndipo wengi wanapopotezea krenki nzuri.

Vipande vilivyotoka vitie kwenye kopo lenye kipande cha karatasi: jina la baiskeli, tarehe, na sababu ya kukitoa. Kikombe kilicholiwa hakifai tena kubeba gololi, lakini thredi zake 26 bado ni kipimo, na ndicho utakachokwenda nacho dukani safari ijayo. Kopo la mzee bado liko kwenye rafu yangu, na mjukuu wake anajua liko wapi.